Mkate wa Jamu Kwenye Beseni

Shule anayosoma mtoto wa dada yangu ina beseni getini. Si la kunawia mikono, ni la kunyang'anyia watoto chakula. Asubuhi mwalimu anasimama pale na aproni yake, watoto wanapanga foleni na makopo yao ya chakula yakiwa wazi, na chochote chenye sukari au mafuta kinaishia humo: biskuti, keki, chipsi, mkate wenye jamu. Walitutangazia kwenye mkutano wa wazazi kwamba ni kwa ajili ya meno na afya. Nilinyoosha mkono nikauliza ni afya gani hiyo ya kushinda na njaa. Mwalimu mkuu akasema hilo ni swali zuri sana, kisha akamruhusu mwingine aulize. Siku hiyo hiyo nikambatiza yule wa getini Mwalimu Beseni, na jina likashika mtaa mzima. Mimi ni msusi. Nikitaka jambo lisambae, halichelewi.

Mtoto mwenyewe tunamwita Sisimizi, kwa sababu tangu aanze kutambaa, palipo na sukari ndipo utamkuta. Mwaka jana aliugua mapafu, akalazwa muda mrefu hadi manesi wakawa wanatusalimia kama majirani. Alitoka amebaki macho tu. Daktari akamwambia dada: mtoto huyu awe analetwa kupimwa uzito. Ukipanda, anaendelea kukaa nyumbani. Ukishuka, anarudi wodini. Basi apewe chochote cha kumtia nguvu, hasa kile anachokipenda.

Dada hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alinunua jamu ile ya kopo kubwa. Jamu imekatazwa shuleni, tulijua, kwa hiyo alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba, akaambiwa hakuna shida, mgonjwa ataachwa apite. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, dada anampaka Sisimizi mkate hadi jamu inachuruzika pembeni. Na kila mchana kopo lake la chakula linarudi jeupe. Hata punje hamna! Dada analifungua, analiinamisha juu ya meza, halafu anapiga vigelegele peke yake sebuleni, huku vipande vya kitambaa vimemng'ang'ania kwenye gauni. Shemeji yangu ni dereva wa malori na mara nyingi yuko njiani, kwa hiyo anapigiwa simu aambiwe: mtoto kala, kamaliza.

Halafu tukaenda kliniki, uzito umeshuka.

Nesi alimpima tena, akamvua viatu, akampima tena. Akasema turudi wiki inayofuata, na kama mambo ni yale yale, tuje na nguo za kulazwa. Nyumbani dada akakaa kwenye cherehani, akashona mkono wa blauzi upande usio wake, akaufumua, akaushona vile vile tena. Nilimwambia mizani ile ni mbovu. Sikuamini hata mimi mwenyewe.

Kesho yake niko kazini, namsuka mteja mmoja ambaye nyumba yake imepakana na shule. Anapiga soga zake, mimi naitikia tu, mara nikasikia, "Yaani kuku wa mlinzi wa pale wanavyoishi vizuri! Wanakula mkate wa jamu kila siku ya Mungu, mimi kwangu jamu tunaiona sikukuu."

Mikono ikaniganda kichwani mwake. "Jamu?"

"Jamu. Wanamwagiwa kutoka kwenye lile beseni."

Nilimwacha yule mama nusu kasukwa, nusu nywele zimesimama, nikatoka mbio na chanuo mkononi. Nikampitia dada. Alijaribu kuniambia tuulize kwanza taratibu, mimi nikamwambia taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwalimu Beseni tulimkuta ofisini anasahihisha madaftari. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania, na getini sikuwahi kuona kwamba viatu vyake vimechakaa. Sikumpa hata nafasi ya kutukaribisha.

"Wewe ndiye unayechukua chakula cha mgonjwa ukalishe kuku?"

Alimtazama dada, akaweka kalamu chini. "Wewe ni mama yake Sisimizi?" Hata shuleni wanamwita hivyo. "Karibuni mkae. Nilitamani mje."

"Hatukuja kukaa," nikasema.

"Mkate wa jamu unaingia kwenye beseni, ni kweli," akasema. "Lakini mimi sijamnyang'anya. Mwalimu mkuu aliniambia nimpitishe. Siku ya kwanza nikamwambia, wewe pita tu, mama. Akapita. Halafu akarudi mwenyewe, akafungua kopo, akaumwaga. Na ndivyo anavyofanya siku zote. Huwa nampa ndizi yangu, anakula nusu. Nilipomwambia nitamwita mama yake alilia, akaniomba nisiseme."

"Na wewe mtu mzima ukaombwa, ukakubali!"

"Nilikubali," akasema, na sauti ikamshuka. "Nilikosea. Niliona mtoto mwenye nidhamu, anashika sheria kuliko wenzake wote. Nikamsifia mbele ya darasa."

Nilikuwa na maneno yangu mengi, tena yamepangwa vizuri kabisa, lakini dada alinishika mkono. Kwa upole akamwambia mwalimu, "Naomba uniitie mwanangu."

Sisimizi alikuja, sketi imebanwa kwa pini kiunoni ili isidondoke. Alipotuona akasimama mlangoni. Dada akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unamwaga mkate?"

Anachezea kifungo.

"Hakuna atakayekugombeza. Mama mdogo naye hatasema kitu." Hapo akanikata jicho, nikafunga mdomo. "Jamu si unaipenda?"

"Ina dawa," akasema.

"Haina dawa, mwanangu. Dawa zilikwisha. Zile nilikuwa nakuwekea kwenye jamu kule wodini tu, kwa sababu zilikuwa chungu, hukuweza kumeza."

"Najua zilikwisha," akasema Sisimizi. "Lakini bado ina dawa."

Nilikuwepo kule wodini. Nilimwona dada akiponda vile vidonge kwa mgongo wa kijiko, asubuhi na jioni, akivichanganya na jamu, akimwambia fumba macho, ni tamu hii. Nesi alimsifu, mimi pia nilimsifu. Ilimponya mtoto, hilo halina ubishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba utamu wenyewe ungeharibika moja kwa moja mdomoni mwake, na sisi tukawa tunampaka ule ule kila asubuhi, tena kwa wingi.

"Mbona hukuniambia?" Dada alikuwa ananong'ona.

"Ulikuwa unafurahi." Akafikiri. "Kule hospitali ulikuwa unalia chooni. Nilikuwa nakusikia. Hapa kopo likiwa tupu hulii."

Dada akakaa chini kabisa, palepale sakafuni, na gauni lake zuri. Mimi nikageukia dirisha. Kuku wa mlinzi walikuwa nje wanaparua mchanga, wamenona, na nikawachukia bila sababu. Kelele zote zile nilizokuja nazo hazikuwa na pa kwenda.

"Sasa niambie," dada akasema baadaye kidogo, "wewe mwenyewe unataka kula nini? Kitu chochote."

Sisimizi alimtazama mwalimu kwanza, halafu mama yake, halafu mwalimu tena. Tukaona ana jibu na analiogopa.

"Chipsi," akasema.

Nusura nicheke. Chipsi ndicho kitu cha kwanza kabisa kilichopigwa marufuku pale getini. Mwalimu Beseni akafumba macho, akashusha pumzi. Kisha akavuta droo ya chini, akasogeza madaftari, akatoa mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Chakula chake cha mchana.

"Mama mdogo," akaniambia bila kunitazama, "hili la droo tafadhali lisifike saluni."

"Halifiki," nikasema, na halikufika.

Sisimizi alikalia kiti cha mwalimu, miguu inaning'inia. Alikula polepole, kimoja kimoja, akilamba chumvi vidoleni. Watu wazima watatu tunamkodolea macho. Alipofika karibu nusu akapunguza mwendo. Akatafuna kimoja muda mrefu sana. Akautazama mfuko, akamtazama mama yake, na nikauona ule woga ukimrudia usoni.

"Mama," akasema, "siwezi kumaliza."

Dada alimfuta mdomo kwa kiganja.

"Usimalize, mama," akamwambia. "Acha hapo hapo ulipofika."