Faili Lipo, Kompyuta Inasema Halipo

Mama alikuwa amelazwa na homa isiyojulikana imetoka wapi, na daktari alisema habadilishi dawa mpaka majibu ya damu yafike. Bintiye, mtengeneza programu, alikuwa akizunguka nje ya wodi kama aliyepoteza ufunguo. Mara akatokea wifi yake, mke wa kaka yake, akiwa na koti jeupe la maabara anakofanya kazi. Hakusalimia.

"Wifi, ile programu yako mpya imegoma."

Binti akasimama. Yeye ndiye aliyeandika skripti, yaani programu fupi, ya kuchukua majibu kwenye mashine za kupimia na kuyapeleka wodini. Jana alikuwa ameifunga upya kuwa kifurushi cha kuwekwa kwenye kompyuta nyingine, na asubuhi hii mafundi wa hospitali wameiweka.

"Inasemaje?"

"Inasema faili halipo. Na faili tunaliona kwa macho yetu."

Waliteremka ngazi mbiombio. Mkuu wa maabara, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa akinakili majibu kwa mkono, kalamu imemchosha.

"Umekuja kutuokoa au kutuzika?" aliuliza bila kuinua uso.

Binti akavuta kiti. Faili la skripti lipo. Ruhusa ya kuliendesha ipo. Akaliendesha: halipo. Akaondoa kifurushi chote, akakiweka upya: halipo.

"Kunywa maji kwanza," wifi alisema.

"Maji yatashuka vipi, na damu ya mama imo humu humu?"

Akalifungua faili lenyewe, akalisoma tangu juu. Mstari wa kwanza huiambia kompyuta mahali ilipo programu ya kusoma mistari mingine yote na kuitekeleza. Mstari huo ulitaja folda iitwayo kiroboto.

"Kiroboto ndiye nani?" Mkuu alikuwa ameshasogea nyuma yake.

"Ni mimi. Mama alinipa jina hilo utotoni, kwa kutotulia. Ndilo jina la folda yangu kwenye kompyuta yangu."

Basi alipofunga kifurushi, anwani ya kwake ilinakiliwa humo vile vile. Kompyuta ya hospitali ilikwenda kutafuta programu kwa Kiroboto, ikakosa, ikalalamika faili halipo bila kusema faili gani. Akaandika anwani sahihi ya hapo hospitalini, akaliendesha faili tena. Majibu yakaanza kumiminika.

"Sasa panda kwa mama," wifi alisema.

Binti alitazama mlango, akatazama kioo cha kompyuta. "Idara ya dharura nao wanawekewa kifurushi hiki hiki leo. Nikiondoka, kitawagomea na wao."

Akabaki. Akarekebisha maagizo ya kufungia ili anwani ichukuliwe kwenye kompyuta inayopokea, akafunga kifurushi kipya, akakijaribu kwenye kompyuta ya wifi, ambayo haikuwahi kumjua Kiroboto. Kikafunguka. Akakituma.

Wakati huo jina la mama lilipita kwenye kioo. Wifi alilisoma, akamgeukia binti.

"Niambie."

"Atakuambia daktari. Ila nenda, majibu yameshafika."

Alipofika juu, muuguzi alikuwa akitundika dawa nyingine. Daktari alimweleza kuwa kidudu kimejulikana na dawa yake ipo. Simu ikatikisika: fundi wa idara ya dharura alisema kifurushi kipya kimekubali. Akaandika "asante", akaiweka mfukoni, akashika mkono wa mama, bado wa moto. Homa ilishuka kesho yake jioni.