Mfereji Ndani ya Neno

Zege halibembelezwi. Ukuta wa zege usiopigwa plasta una vitundu, una ncha za kokoto zinazochuna vidole, na ukija na herufi zako za kung'aa ukazipapasa taratibu kama unayemlaza mtoto, kesho utazikuta sakafuni. Kwanza unausugua kwa brashi ya waya mpaka vumbi likujae puani. Unapaka gundi ya kutangulizia, unaiacha ikauke. Kisha unabandika herufi, unaichoma kwa bomba la moto la gesi mpaka ilainike, na ingali ya moto unaikandamiza kwa rola ngumu, kwa nguvu zako zote, iingie kwenye kila kitundu. Ikishapoa imekwisha. Atakayetaka kuitoa auvunje ukuta.

Wenzangu wananiita Kandamiza. Sikulichagua jina hilo lakini silikatai, maana herufi zangu hazijawahi kubanduka, na mwenye kubisha aje na patasi yake.

Siku hiyo nilikuwa kwenye ghala la mizigo, kwenye mteremko ambao malori huingilia. Jua halifiki pale hata mchana, madereva huingia na taa. Msimamizi alitaka neno moja tu, SIMAMA, herufi za kunifika kiunoni, kwa sababu lori lilikuwa limembana mpakizi ukutani likamvunja nyonga. Kushoto kulikuwa na mlango, kulia bomba la maji. Kwenye nafasi iliyobaki ulishuka mfereji mpana kama kiganja, pale mbao za kumiminia zege zilipokutana. Juu ya mfereji hubandiki kitu. Herufi itaning'inia hewani na upepo utaichukua. Nikapima. Herufi mbili zilikaa kushoto kwa mfereji, nne kulia, na hakuna hata moja iliyokatwa. Nikafurahi, nikawasha moto nikaanza kazi.

Kusema kweli akili yangu haikuwa ukutani. Mke wangu alikuwa ameondoka nyumbani, yuko kwa kaka yake. Hatujajaliwa mtoto, na mama yangu mzazi alilifanya hilo kuwa wimbo wake. Siku aliyoondoka, mtoto wa jirani alianguka mlangoni kwetu akalia, mke wangu akambeba kumtuliza, na mama akasema mbele ya wageni, "Mrudishe kwa mwenyewe. Huyo si mama." Mimi nilikuwa nakula. Nikaendelea kula. Mke wangu alimkabidhi mtoto, akaingia chumbani, akatoka na begi.

Nilimwomba shemeji yangu, huyo kaka yake, anipelekee ujumbe: mama nimeshamhamishia kwa dada yangu, mke wangu arudi, nyumba imepoa. Shemeji ni dereva wa lori, mtu wa mwili, wanamwita Buldoza, na anampenda dada yake kuliko anavyojipenda. Aliniambia jibu ataniletea hapo hapo ghalani, siku atakayokuja kushusha saruji. Ndiyo siku hiyo. Kila lori lililonguruma nje lilinishtua, nikawa naipitisha rola mara mbili mbili pasipo sababu.

Nilipomaliza nilirudi nyuma nikazimulika herufi kwa tochi ya simu. Ziliwaka zote, nyeupe, hazina hata pembe iliyoinuka. Nikazima gesi, nikaweka bomba chini, nikachuchumaa kukusanya vifaa.

Lori la shemeji likaingia mteremkoni, taa zikapiga ukuta. Breki zikalia. Nikasimama na tabasamu usoni kama bwana harusi. Yeye akashuka na spana ya magurudumu, ile ndefu, hata mlango hakuufunga.

"Umeandika nini pale?"

"Kazi ya watu hiyo, shemeji. Vipi, umeniletea..."

Spana ikanipata begani. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Nikaanguka juu ya ndoo ya gundi, na kabla sijageuka akanipiga ya mgongo, kisha akaihamishia spana mkono wa kushoto, akanishika kola kwa ule wa kulia na kunigongesha uso ukutani, kwenye zege lile lile nililolisugua asubuhi. Ngozi ya shavu ikabaki huko.

"Dada yangu unamwandika ukutani? Madereva wote wasome? Neno la mama yako unalibandika kwa herufi kubwa?"

"Neno gani?"

"Si mama! Si mama! Soma kazi yako, mshenzi wewe!"

Akanipiga ngumi ya mdomo. Nikamng'ata kidole nikahisi kucha ikipasuka. Akanguruma, akanikanyaga mbavu, akainua spana juu ya kichwa changu, na hapo nikajua kwamba nakufa, nakufa kwa kitu nisichokielewa, na woga ukanifungua kinywa.

"Ni simama! Soma yote pamoja! Si-ma-ma! Simama, magari yasimame! Kuna mfereji pale, ningepitaje juu ya mfereji?"

Spana ikabaki juu. Shemeji akageuza kichwa kuelekea ukutani. Niliona midomo yake ikitikisika, SI, MAMA, kisha tena, haraka. Mkono ukashuka wenyewe. Spana ikaanguka sakafuni na kupiga kelele, ikabingirika mpaka kwenye gurudumu la lori.

Akacheka. Si kicheko cha dharau, hilo nalijua sasa. Ni kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu kuua. Alishika magoti akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Eti simama. Mungu wangu, shemeji. Nilikuwa nakumaliza kwa ajili ya mfereji." Akaninyooshea mkono. "Inuka, bwana. Inuka, nina habari zako nzuri."

Lakini mimi nilikuwa chini na jino langu liko juu ya ulimi. Bega limeteguka, shavu halina ngozi, na mtu aliyenifanya hivyo anacheka. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaingia giza. Mkono wangu mzima ulipapasa sakafuni ukalikuta bomba la moto. Nikafungua gesi. Nikavuta kifyatulio.

Moto ulimpata kwenye ule mkono alioninyooshea, ukapanda, ukashika ukosi wa shati, ukamlamba shingo na sikio. Alipiga yowe ambalo sijawahi kusikia likitoka kwa mwanamume. Alirudi nyuma, nikainuka nikamfuata. Alijibanza ukutani, nikampelekea moto kifuani, na bega langu bovu nikamkandamizia nalo asitoke, na kinywani nilikuwa nasema, "Cheka! Cheka sasa!" Harufu ya nywele ilijaa mteremko mzima. Sitadanganya: nilijisikia vizuri. Kwa pumzi mbili tatu nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia tangu mke wangu aondoke.

"Mwache! Mwache, unamuua!"

Sauti ilitoka kwenye lori. Mke wangu aliruka kutoka upande wa abiria, akaanguka magoti, akainuka, akaja mbio bila viatu. Alinipiga begi la nguo usoni kwa nguvu mpaka bomba likanitoka mkononi. Akalikandamiza begi hilo kwenye shati la kaka yake mpaka moto ukafa, akamburuta kwenye bomba la maji, akafungulia koki, akamshikilia chini ya maji huku anamwita kwa jina lao la utotoni. Sikulijua jina hilo. Miaka yote ya ndoa sikulijua.

Wapakizi wakaja mbio, na msimamizi nyuma yao.

"Nini hiki? Nani kafanya hivi?"

Shemeji alikuwa anatetemeka mwili mzima, upande mmoja wa uso umevimba na kuwa kama nyama iliyotoka jikoni. Alimtazama dada yake kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Gesi," alisema. "Gesi imelipuka. Shemeji alikuwa... alikuwa ananisaidia kuzima. Ni ajali."

Nikashusha pumzi. Nawaambia ukweli wangu: sikumwonea huruma, nilishusha pumzi. Wapakizi walimpakia kwenye pikapu ya ghala wampeleke hospitali. Nilichechemea mpaka kwa mke wangu, aliyekuwa anaokota nguo zake zilizoungua na kumwagika kutoka begini, khanga moja baada ya nyingine.

"Yote haya ni neno tu," nilimwambia. "Nilikosea nafasi. Naapa sikuliona vile. Nilipima tu zitoshee."

"Najua."

"Unajua?"

"Taa zilipopiga nilisoma simama. Nikamwambia kaka, hilo ni simama, huyu hata alichoandika hakijui, usishuke. Alikuwa ameshashuka." Aliongea taratibu, kama mtu aliyechoka kwa safari. "Sikukudhania vibaya hata kidogo."

"Basi kumbe. Alinivunja bega, umeona mwenyewe. Angeniua."

"Niliona. Nilipiga kelele asikupige. Halafu nikaona ameangusha spana. Nikamwona anacheka, nikacheka na mimi huko juu. Nikachukua begi nishuke."

"Alikuwa ananicheka mimi!"

"Alikunyooshea mkono."

Nikapandisha sauti, ndivyo nilivyo. Nikasema mama ameshahama. Nikasema kitanda nimenunua kipya. Nikasema tumpeleke kaka hospitali pamoja, halafu jioni turudi nyumbani, tuyazungumze, mambo yataisha. Kwenye pikapu dereva alipiga honi.

"Rudi nyumbani," nikasema. "Nakuomba. Rudi."

Alikunja khanga ya mwisho, ile yenye tundu la moto katikati, akaitia begini na kufunga zipu.

"Nilikuwa nimesharudi," alisema, akapanda nyuma ya pikapu, akakipakata kichwa cha kaka yake.