Kitambaa Cheusi Kwenye Mizinga ya Nyuki

...na askari wote wamevaa kijivu, hilo ndilo balaa, wangevaa buluu ya Kaskazini Keziah angejua pa kuuweka ulimi wake, lakini vita bado vichanga, huku Kentaki kila mji unawashonea wanawe kitambaa kilichopatikana, kijivu cha Kaskazini na kijivu cha Kusini nani avijue, na kapteni huyu anakunywa maji kwa kata, polepole, macho yakizurura uani, shika ndoo, Keziah, isitikisike, wakiwa wa Kusini watamtundika Lemuel mwanawe, si amewatoroka kambini, kisa hataki kumlenga kaka yake aliye na wale wa Kaskazini ng'ambo ya mto, wakiwa wa Kaskazini watamfunga, na Lemuel yuko shimoni chini ya banda la kukaushia nyama, juu yake kuni mbichi zinafuka, kaziwasha Keziah mwenyewe asubuhi ili askari wasitie pua, asikohoe, Mungu wangu, asikohoe... "Umefiwa, bibi?" kapteni anaonyesha mizinga ya nyuki, kila mmoja umefungwa kitambaa cheusi, "Nimefiwa na mwanangu," "Pole. Alikuwa upande gani?" haya, mtego huo, "Upande wa mama yake," na askari mmoja mwenye meno mabovu anacheka, "Kapteni, tumchukue bibi huyu na ulimi wake, bunduki zetu zenyewe hazifyatuki," "Funga bakuli lako, Harlan," na wanaamini, wanavua kofia, wajinga hawa, mbona imekuwa rahisi hivi, imemtoka mdomoni kama salamu, mwanangu amekufa, vilevile alivyowaambia nyuki jana, maana Philura jirani alikuwa kajibanza uani kwake, macho kama mwewe, na huku kila kifo huambiwa nyuki wa nyumba, msiba usiopelekwa kwao nani atausadiki, basi akagonga kila mzinga kwa ufunguo wa mlango, akainama, nyuki wangu, Lemuel amekufa, nao wakanyamaza, wote, na hapo akamkumbuka mama yake na ule ufunguo, akiwaambia nyuki kifo cha baba ambaye huko alikokwenda bado alikuwa kitandani akiomba supu, mjumbe wa msiba alikosea, jua halijazama baba akafa, mama akasema, usiwaambie nyuki kifo ambacho hakipo, Keziah, watakwenda kukitafuta... na banda liko kimya, moshi mzito unatoka kila ufa, tangu hawa wafike hajasikia kitu, hata chafya, kohoa, Lemuel, wasikie, wakufunge, wakupige, kohoa mara moja tu, mwanangu, "Maji matamu haya," kapteni anasema, anamnyooshea kata, "niongezee, bibi," naye anamwongezea.