Uzi Usiotikisika

Mguu wangu wa kulia ni mzito. Mwalimu Hashimu amenisema miezi mitatu: "Elina, hiyo ni pedali, siyo cherehani!" Kwenye glaida, ndege isiyo na injini, kosa hilo ni kubwa. Pua ikielekea kando, hewa inapiga ubavuni, ndege inakuwa nzito kama ng'ombe anayevutwa kinyumenyume, na kimo kinapotea bure. Ndiyo maana nje ya kioo cha mbele kuna kipande cha uzi mwekundu, kimebandikwa ncha moja tu. Kikilala katikati, unaruka sawasawa. Kikienda upande, rekebisha miguu.

Siku ya safari yangu ya kwanza peke yangu, mama alitoka Bariadi, anakoshona nguo, akaja kunitazama kwenye uwanja wetu wa vumbi nje ya Lalago. Nilimwacha akipangusa ndege kwa kanga, nikaenda kunywa chai. Nikarudi, nikajaza karatasi ya ukaguzi, nikapaa.

Wakati wa kurudi nilikuwa na kimo cha mita mia saba, uwanja uko kilomita kumi na nane mbele. Glaida yetu hupiga kilomita tatu kwa kila mita mia inazoshuka. Kimo kilitosha na kubaki; nikaimba kabisa. Baada ya kilomita sita nikatazama kipimo: mita mia tatu! Nimepoteza mia nne, wakati nilipaswa kupoteza mia mbili.

"Mwalimu, ninashuka vibaya," nikasema kwenye redio.

"Uzi ukoje?"

"Uko katikati. Umenyooka kabisa."

"Unatikisika?"

Nikautazama. Kasi ya kilomita tisini kwa saa, na uzi umelala kama umechorwa. "Hautikisiki, mwalimu."

"Usiuamini! Bega lako liko wapi?"

Bega la kushoto lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa ndege, na mimi nilikuwa nimelaumu kiti. Nilikuwa naruka kiubavu tangu mwanzo! Nikalegeza mguu wa kulia polepole mpaka bega likaachana na ukuta, na kelele za upepo ubavuni zikapungua. Lakini kimo kilichopotea hakirudi. Uwanja singeufikia.

Nilichagua shamba la pamba lililokwisha kuvunwa na kung'olewa mabua. Nilitua nikirushwarushwa na matuta, ndege ikasimama hatua kumi tu kabla ya uzio wa miti ya minyaa.

Mwalimu alipofika na mama kwenye pikapu, nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, nimeugusa uzi. Una gundi kutoka ncha hadi ncha.

"Nani kagusa hii?" nilifoka. Nina hasira za karibu, najijua. "Huyo ni muuaji! Asikanyage tena uwanjani!"

Mama alishika mdomo. "Ni mimi, mwanangu. Ulikuwa unaning'inia. Nikaogopa kuukata, nikasema labda una kazi yake. Nikaunyoosha, nikaubandika kwa ile gundi ya shanga za nguo za harusi. Sikutaka watu waseme mtoto wa fundi anarusha kitu hakijamaliziwa."

Mwalimu alinipa ile karatasi ya ukaguzi. Mstari wa nne: uzi uko huru. Nilikuwa nimeweka tiki, na mkono wangu haukuwa umeugusa uzi.

"Kwa hiyo ningekuua?" mama akauliza.

Nilitamani kumdanganya. Nikautazama uzio wa minyaa, nikashindwa.

"Tungeniua wote wawili, mayu, mama yangu. Wewe uliubandika, mimi sikuukagua."

Akakaa chini palepale juu ya tuta, mikono kichwani. Nikakaa naye.