Nyumba Yenye Jina la Beatus

Beatus alikuwa ameshapanga kila kitu, mpango wa mwanamume anayemkwepa mkewe. Jumapili, Balbina akishakwenda kanisani na kuunganisha na mazoezi ya kwaya, ndipo Mashimba angekuja kuiona nyumba yao ya Katindiuka. Evod, mwenyekiti wa mtaa, angefika kushuhudia mauziano, na jioni Balbina angeambiwa taratibu, akiwa ameshakula. Wangepanga vyumba viwili karibu na stendi. Karatasi za nyumba zilikuwa na jina la Beatus peke yake, na hamu ya kumiliki bajaji ilikuwa imemkosesha raha kabisa.

Ila alisahau kwamba Mashimba ni mfugaji, na mfugaji huamka na ng'ombe wake. Mgeni alifika asubuhi mapema, Balbina akiwa bado anafunga kilemba. Balbina alimwamkia, akampa kiti, akamuuliza kuna heri gani.

"Nimekuja kuiona nyumba, mama," alisema Mashimba. "Mzee anaiuza."

Beatus alitamani ardhi ipasuke immeze. Akangoja kelele, lakini hazikuja. Balbina alifungua kilemba, akakikunja, akasema hakuna anayenunua nyumba bila kuoneshwa, kwa hiyo atamtembeza yeye mwenyewe.

Wakazunguka, Beatus akifuata nyuma kana kwamba mgeni ni yeye. Balbina alieleza kwamba matofali aliyafyatua akiwa na mimba ya Restituta, binti yao wa kwanza, na pumba za kuyachomea alizibeba kwa baiskeli kutoka mashine ya mpunga. Mafuriko yalipoingia ndani, udongo wa kuinulia msingi aliusomba yeye. Hakuficha ubovu pia: kona ya jikoni huvuja masika, na mchwa wameupenda sana upande wa choo. Mashimba, aliyeanza kwa kugongagonga kuta, sasa alikuwa akisikiliza tu. Wakafika chumbani. Mgeni akausukuma mlango, ukagoma. Akausukuma kwa bega, ukagoma tena.

"Na huu mlango vipi?"

"Huo aliuweka mwenye nyumba," alisema Balbina.

Mashimba alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Beatus naye akacheka, lakini aibu ilimpanda mwili mzima. Miaka ile alikuwa Kidatu kwenye miwa, anarudi mwisho wa mwezi, anakuta ukuta umepanda, anausifu, anakula na kulala. Hakuwahi kujiuliza nani aliupandisha.

Evod alipofika na kusikia habari yote, hakuzungusha maneno.

"Jina ni lako, mzee. Lakini nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi na mmoja, sheria ya ndoa hairuhusu. Mama asiporidhia, mimi sishuhudii."

Wote wakamgeukia Balbina.

"Siridhii," alisema. Kisha akamtazama mumewe, maana mtaa mzima ulijua jinsi anavyosimamisha kila bajaji kuulizia bei. "Bajaji yenyewe siichukii, baba Restituta. Ungeniuliza."

Mashimba hakuondoka mikono mitupu. Nyumba aliitaka kwa ajili ya binti yake, Merina, aliyekuwa anaanza chuo mjini, basi wakakubaliana apangishiwe vyumba vya mbele. Alikubaliana na wenye nyumba wote wawili, akianza na mama. Mchana Beatus aliung'oa ule mlango na kuupiga randa. Balbina, aliyekosa misa na kwaya kwa pamoja, alimshikia huku akiimba sauti ya kwanza, na Beatus akajikuta anamwitikia kwa besi mbovu. Hakukumbuka walikuwa wamefanya kazi moja pamoja lini mara ya mwisho.

Bajaji ilikuja baada ya mavuno ya pili, kwa kodi ile na mpunga wa Balbina. Nyuma yake Beatus aliandikisha maneno aliyoyachagua mwenyewe: KAMUULIZE BALBINA. Abiria wa stendi hawaishi kumuuliza huyo Balbina ni nani.

"Mwenye nyumba," huwajibu, na kutia gia.