Unganisha Wifi Haraka

Saa nne asubuhi, sindano ikiwa katikati ya pindo la sketi, Fundi aliacha kukanyaga cherehani akaishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nyigu walikuwa wameshaingia bondeni.

Mchezo ulikuwa wa marehemu mumewe. Ndiye aliyeijenga ile ngome yenye mageti matatu, minara, na nyumba ya mfalme katikati. Adui zake walikuwa mashetani wapandao nyigu wakubwa kama punda. Zamani walikuwa na adabu zao: walivuka bonde kwa robo saa, unapiga pasi suruali na maji unakunywa. Lakini kila uvamizi uliushinda uliopita kwa kasi. Wiki hii ukipiga chafya tu, wako getini.

Angekuwa ameshawaachia ngome hiyo, yeye na mashetani wapi na wapi! Ila adui akigusa geti hulia mbiu, na mbiu hiyo marehemu aliirekodi kwa kinywa chake: "Nyigu hao! Mke wangu, funga mlango!" Sauti yake nyingine haikubaki popote. Na nyumba ya mfalme ikianguka, mchezo hufuta kila kitu, hata hiyo mbiu.

Ghafla nyigu waliganda hewani, mabawa wazi. Maandishi mekundu yakatokea: WIFI IMEKATIKA. UNGANISHA WIFI HARAKA. UVAMIZI UNAENDELEA. Chini yake, dakika nne za kuanguka kwa nyumba ya mfalme zikaanza kupungua.

Fundi alisoma kwa kidole, neno moja moja, kama alivyofundishwa darasa la pili. Waifai aliijua kwa masikio tu; kwa macho walikuwa hawajakutana. Hii ilikuwa wifi, dada wa mumewe, Msusi wa chumba cha pili, ambaye walikuwa hawasemezani naye kwa miezi minne. Kiswahili chenyewe kibovu, wifi hasemwi "imekatika", lakini ujumbe ulimfika. Hata mashetani wamejua!

Alitoka mbio, futi ya kupimia shingoni, kiatu kimoja kimebaki chini ya cherehani.

"Wifi!"

Msusi hakugeuka. Alikuwa anamsuka mteja. "Nani huyo? Wifi gani? Wangu anamkalia kaka yangu kwa makalio mchana kutwa."

Kisa kilikuwa koti la marehemu. Fundi alilifumua akashonea mto wa kiti chake.

"Ungana na mimi, wifi yangu. Matusi utanipa baadaye, nitakaa kitako niyasikilize yote."

"Umekunywa nini?"

"Soma! Imesema yenyewe!"

Msusi alisoma, akacheka mpaka kitana kikamtoka. "Masikini! Hii waifai, mwanamke! Intaneti!"

"Imeandikwa wifi."

"Ndivyo inavyoandikwa!"

"Sasa hiyo waifai iko wapi? Nionyeshe nikaiombe radhi!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sauti ya kaka yako iliyomo humu inafutwa, wifi. Dakika mbili."

Kicheko kilikatika. Msusi alitazama pembeni, kwenye kisanduku chenye antena mbili, taa zake zimezima. "Kaka alikuunganisha na ya kwangu," alisema taratibu. "Nimeichomoa sasa hivi nichomeke draya."

"Na nywele zangu je?" mteja akauliza.

"Zitakaushwa na upepo!"

Waya ukachomekwa. Taa nyekundu. Dakika moja. Nyekundu bado. Fundi alipiga magoti mbele ya kile kisanduku, akakibembeleza kama mbuzi anayegoma kukamuliwa. Sekunde ishirini. Kijani.

Nyigu wakaruka. Mageti mawili yalikuwa majivu, minara inawaka, na wa mbele akaligusa la tatu.

"Nyigu hao! Mke wangu, funga mlango!"

Msusi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Kaka."

Fundi alibonyeza mlango wa nyumba ya mfalme. Haukujifunga. Akabonyeza tena. "Kidole kimelowa jasho, hakikubali! Leta chako!"

"Changu kina mafuta!"

"Kifute!"

Msusi alikifutia kwenye gauni la Fundi, akabonyeza kwa nguvu kama anayeua chawa. Mlango ukajifunga, nyigu wakajipigiza hapo mmoja mmoja wakaanguka.

Ilibaki nyumba ya mfalme na mnara mmoja unaofuka moshi. Maandishi yakaja: UVAMIZI UJAO, DAKIKA TATU.

"Tatu?" Msusi aliuliza. "Na baada ya hapo?"

"Mbili. Sijui, wifi. Wanazidi tu."

Msusi aliubana waya ukutani kwa utepe wa gundi, akamwacha mteja na nusu kichwa, akamfuata Fundi chumbani kwake. Aliutazama ule mto. Kifungo kimoja cha koti kilikuwa bado pembeni, kimeshonwa kwa uzi mpya.

Fundi aliketi nusu ya kiti, simu mkononi.

"Sogea," alisema Msusi. "Tumkalie wote."