Kofi la Jioni

Mafuta ya kivumbasi na mchaichai aliyochemsha mjane yule yalifukuza mbu mtaa mzima, ila nyumbani kwake walijaa tele. Majirani walicheka: mganga hajigangi!

Siku moja wifi yake alikuja kumtembelea, mbu wakamuuma hadi akapandwa na hasira. "Malaria ilimuua kaka yangu humu humu, wifi, na wewe bado unawafuga?" Akanyakua chupa, akapaka mafuta madirishani, mlangoni, hadi kwenye kitanda cha marehemu, kisha akaenda zake.

Jioni mjane aliketi mlangoni pa chumba kile, kama kawaida yake, akatega sikio. Tangu mazishi, kila giza lilipoanza kuingia, kitandani lilisikika kofi, paa! Kisha sauti ya mumewe: "Mshenzi wewe, nimekupata!"

Leo, kimya. Hata mbu hawakulia.

Akaleta maji na sabuni, akasugua kitanda huku machozi yakimtoka, akafungua madirisha yote.

"Nyie ndio mliomchukua," akawaambia mbu walioko nje. "Haya, mleteni."